Stima ya Lori Ichukuliwe Mlango Gani?

Haya ni maneno tuliyowaambia wajumbe wa vikundi vya maziwa, vya akina mama na vya vijana katika semina ya siku moja. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu wengi waliomba wapate kitu cha kuwasomea wenzao nyumbani.

 

Swali lililotukusanya leo mmelileta ninyi wenyewe. Tangu mabasi ya stima yaanze kubeba abiria Nairobi mwaka 2022, habari za magari haya zimefika mpaka kwenye mikutano ya vikundi. Kikundi kimoja cha maziwa kilikaa kikahesabu pesa ya dizeli, kikaona kwamba kikipata lori dogo la stima, kwa mkopo au kwa kukodisha, kitapumua kidogo. Mpaka hapo ni hesabu ya kamati, hatuiingilii. Lakini wakaongeza jambo. Wakasema, betri ya lori hilo ni kubwa kama ghala, mbona isituendeshee pia tangi la kupozea maziwa, na mashine ya kupukuchua mahindi, na pampu ya maji? Jenereta tuuze.

Wazo si baya. Tena ni zuri. Marekani kulitoka pikapu ya Ford ya stima mwaka 2022, na ukiilipia vifaa vyake vyote unaweza kupata soketi za kilowati 9.6 kwa jumla mbele, nyuma na ndani, mtu akaendesha misumeno na mashine za kuchomelea akiwa porini. Ulaya kuna malori ya taka ya stima ambayo mashine yake ya kushindilia taka inaendeshwa na betri ile ile inayosukuma magurudumu. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana. Kinachotuleta hapa ni nguvu hiyo inachukuliwa wapi, na kwa njia gani.

Maana fundi mmoja alikuwa amekwisha kuwaandikia bei. Alisema atachubua waya mbili nene za rangi ya machungwa zilizo chini ya lori, aunganishe waya zake pale, azipeleke kwenye inveta aliyoitoa kwenye mtambo wa sola, na kazi itaisha siku moja. Bei yake haikufika robo ya ile ya kifaa cha kiwandani. Kamati ikagawanyika. Vijana walitaka fundi, wazee waliogopa, na mwenyekiti akaja ofisini kwetu na ile karatasi ya bei mkononi. Tunamshukuru sana yule mama kwamba alikuja kabla ya kazi kuanza.

Sisi si mainjinia. Kazi yetu ni ustawi wa jamii. Lakini tulisoma, tukauliza mafundi waliofundishwa kazi hiyo, na tunaweza kuwaeleza kwa nini ile karatasi ilitutia baridi. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau mafundi wetu wa jua kali. Wametutengenezea majiko, mageti na mikokoteni, na wengi wanaijua stima ya nyumbani vizuri. Shida ni kwamba stima ya lori hili si ile ya nyumbani, na mtu mwenye ujuzi wa ile moja anaweza kufa kwa nyingine kwa sababu ya ule ujuzi wenyewe.

BETRI MBILI, SI MOJA

Lori la dizeli tunalielewa. Injini ikinguruma, mkanda unazungusha kompresa ya friji, na giaboksi inatoa nguvu ya pampu ya tipa. Nguvu hiyo unaiona kwa macho. Ni mkanda, ni chuma kinachozunguka, na hata mtoto anajua asitie mkono. Lori la stima likisimama, mota yake nayo imesimama, kimya kabisa. Kwa hiyo kila kifaa cha pembeni, yaani pampu ya usukani, kompresa ya breki za upepo, friji, pampu ya tipa, inabidi kiwe na mota yake chenyewe. Na mota hizo, zile zinazofanya kazi nzito, hupata nguvu kutoka betri kubwa.

Tunasema betri kubwa kwa sababu kuna ndogo pia. Ndogo ni ile mnayoijua, ya volti 12 kwenye gari dogo au 24 kwenye lori, ya taa, honi na redio. Kubwa ni ya volti kama 400 kwenye magari mengi, na kwenye malori makubwa hufika 600, 700, hata 800. Kanuni za Umoja wa Mataifa za magari haya zinasema stima ya betri ikizidi volti 60 ihesabiwe kuwa ni ya hatari, ifunikwe, na waya zake zilizo nje ya vifuniko ziwe na ganda la rangi ya machungwa. Rangi ile si urembo. Ni kama kitambaa chekundu kwenye mzigo uliojitokeza nyuma ya lori.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Mwili wa mtu mwenye mikono ya jasho huzuia stima kiasi cha omu 1,000 tu, pengine chini ya hapo. Volti 400 gawanya kwa 1,000, ni karibu nusu ya ampea inayopita kifuani. Taa ya nyumba inaweza kutumia hivyo bila shida. Moyo hauwezi.

WAYA ISIYO NA ARDHI

Sasa hapa ndipo ujuzi wa nyumbani unapomdanganya fundi, kwa hiyo tusikilizane vizuri.

Stima ya Kenya Power imefungwa na ardhi. Pale transfoma, waya mmoja umezikwa udongoni. Ndiyo maana ukigusa waya wenye moto huku umesimama chini, stima inapita mwilini mwako kwenda ardhini, nawe unajua mara moja kwamba kuna hatari. Betri kubwa ya lori haikufungwa hivyo. Upande wake wa chanya na upande wake wa hasi, pande zote mbili, zimetengwa na bodi ya gari. Zinaelea. Waliotengeneza walifanya hivyo makusudi, ili kosa moja, kwa mfano waya mmoja uliochunika ukagusa chuma, lisiue mtu papo hapo.

Ni jambo jema, lakini lina mtego. Kosa la kwanza ni kimya. Halina cheche, halina shoti, fyuzi haikatiki. Tuseme kijana wa kikundi ameunganisha pampu ya maji kwenye zile waya. Pampu ni ya zamani, maji yameingia ndani, na sasa upande mmoja wa betri unagusana na chuma cha pampu, na chuma cha pampu kinagusana na lori. Hakuna anayejua. Lori linatembea, pampu inavuta maji, kila mtu anamsifu fundi. Wiki ya tatu mtu mwingine anagusa upande wa pili, labda mahali pale pale palipochubuliwa na kufungwa kwa utepe, huku mkono wa kushoto umeshika mlango wa lori. Ni yeye sasa anayekamilisha mzunguko, na volti zote zinapita katikati ya mikono yake miwili.

Kwa ajili ya mtego huo, magari haya yana kifaa kinachopima kila wakati kama zile pande mbili bado zimetengwa na bodi. Kipimo cha chini kinachokubaliwa kwa stima ya betri ni omu 100 kwa kila volti moja. Gari la volti 400, basi, lisishuke chini ya omu 40,000. Likishuka, taa inawaka mbele ya dereva, na magari mengine hukataa kuwaka tena yakishazimwa. Tulisikia mtu akisema kuna namna ya kuinyamazisha taa hiyo. Ipo, kama vile ipo namna ya kumfunga mbwa mdomo usiku ule mwizi anapokuja.

Na ile swichi ya nyumbani inayokata stima mtu akishikwa? Ile inafanya kazi kwa kupima stima inayopotelea ardhini. Kwenye stima inayoelea hakuna njia ya kurudi kupitia ardhini, kwa hiyo inaweza kukaa tu ikitazama. Tena nyingi za nyumbani hazikutengenezwa kwa stima ya betri hata kidogo.

MOTO USIOZIMIKA

Jambo lingine ni cheche. Stima ya nyumbani huenda mbele na kurudi nyuma, mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kwenda na kurudi hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Ukichomoa plagi inayofanya kazi, cheche inaruka, lakini stima ikifika sifuri cheche inakufa. Stima ya betri haina sifuri. Inasukuma upande mmoja tu, bila kupumzika. Ukiachanisha waya mbili zenye mzigo kwenye volti 400 au 600, moto unaweza kubaki umening'inia hewani katikati ya zile ncha, unayeyusha shaba, unaunguza uso na macho. Swichi uliyonunua dukani kwa ajili ya taa za nyumba haiuzimi moto huo. Fyuzi ya nyumbani pia haiuzimi. Ukiona mtu amefunga swichi ya ukutani kwenye waya ya machungwa, ondoka hapo kwanza, maswali baadaye.

Waliotengeneza magari waliliona hilo. Ndani ya zile konekta za machungwa wamepitisha waya mwembamba sana, wa stima ndogo, unaozunguka gari lote kama uzi wa tasbihi. Konekta yoyote ikifunguliwa, uzi unakatika, na kompyuta ya gari inaamuru swichi kubwa zilizo kwenye betri, zinazoitwa kontakta, zifunguke. Kwa hiyo stima inakatwa kabla vidole havijafika. Fundi anayeunganisha waya zake pembeni ameweka vifaa vyake nje ya uzi huo. Plagi yake ikichomoka, gari halina habari.

Halafu kuna jambo la kuwashia. Inveta ina vitu ndani viitwavyo kapasita, ambavyo ni kama mitungi inayohifadhi stima kwa muda. Ikiwa mitupu na ukaifungulia betri kubwa kwa ghafla, stima inaingia kwa kishindo. Gari lenyewe hufungua mfereji mwembamba kwanza, mitungi ikijaa polepole ndipo kontakta kubwa zifungwe. Hilo hufanyika kwa muda mfupi sana, dereva hata hajui. Sasa mtu akiongeza mitungi yake ambayo gari haliijui, kishindo kile kinaweza kuchomelea kontakta zikagandana kabisa. Na kontakta zilizogandana maana yake ni betri ambayo haiwezi kukatwa tena hata ukizima gari, hata likipata ajali.

Mitungi hiyo hiyo ndiyo inayofanya lori lililozimwa liendelee kuwa la hatari kwa muda. Kitabu cha gari husema msubiri dakika ngapi baada ya kukata. Mara nyingi ni 5 au 10. Na hata baada ya kusubiri, fundi aliyefundishwa hapapasi tu. Anavaa glavu za mpira za kuzuia volti 1,000, anazipuliza na kuzikunja kwanza aone kama zina tundu, halafu anapima kwa mita iliyotengenezwa kwa volti hizo, akishaipima mita yenyewe kwanza kwamba haijafa. Ile plagi ya kukata betri anaifungia, ufunguo unakaa mfukoni mwake, si kwenye dashibodi, si kwa turniboi.

MLANGO ULIOWEKWA

Basi kikundi kifanye nini? Njia zipo, na zote zina sifa moja: ni mlango uliowekwa na mwenye kutengeneza gari.

Njia ya kwanza ni soketi za gari lenyewe, za stima kama ya nyumbani. Hapa ulizeni mambo mawili kabla ya kulipa chochote, volti ngapi na kilowati ngapi. Mfano ni gari la kubebea mizigo la Nissan liitwalo e-NV200. Liliuzwa Japani kuanzia mwaka 2014 likiwa na soketi za kutoa stima, na zilikuwa na kilowati 1.5 tu kwa jumla, tena volti 100 kama stima ya Japani. Yetu ni 240. Mtu akikuletea gari la namna hiyo akuambie "lina soketi", amesema kweli, lakini friji yako haitawaka nalo. Na soketi ya pini tatu kama zetu, ya ampea 13 kwa volti 240, ina mwisho wa kilowati 3 na kidogo.

Kilowati 3 si haba. Hebu tuangalie maziwa. Lita 500 zimetoka kwa ng'ombe, tuseme zina nyuzi joto 35, mnataka zifike 4. Joto la kutoa hapo ni kama uniti 17. Lakini mtambo wa baridi huhamisha joto zaidi ya stima unayokula, kwa hiyo tangi zuri litatumia kama uniti 7, zile uniti mnazonunua kwa tokeni. Likifanya kazi hiyo kwa saa tatu, linavuta kilowati 2 na kitu. Inawezekana. Kama lori lenu linakula nusu uniti kwa kilomita, mmeacha kilomita 14 za safari ndani ya maziwa. Kamati iandike hilo kwenye hesabu, isije ikashangaa lori likiishiwa kwenye mlima wa mwisho. Na hapa tuseme pembeni kwamba boksi la friji la lori limetengenezwa kutunza baridi, si kuileta. Mkipakia maziwa yenye joto mkitumaini yatapoa njiani, mtafika na maziwa yaliyoganda na mnunuzi amekunja uso.

Kinu cha kusaga posho ni habari nyingine. Mota ya nguvu za farasi 10 ni kilowati 7.5 ikiwa inazunguka tayari. Inapoanza, ikiwashwa moja kwa moja, huvuta mara tano hadi saba ya stima ya kawaida kwa muda mfupi. Soketi ya lori itakata, na itakuwa imefanya vizuri kukata. Tena vinu vingi vya namna hiyo vinataka stima ya fezi tatu. Kwa kinu, vikundi vyetu wacha vitafute laini ya Kenya Power au vibaki na dizeli kwa sasa. Tunajua hili haliwafurahishi wale waliokuja na hesabu ya kinu mfukoni.

Njia ya pili ni kwa vifaa vizito vya lori lenyewe, friji kubwa, pampu ya tipa, kreni ndogo. Kampuni nyingi za malori ya stima huuza lori likiwa na konekta maalum ya kutolea nguvu ya betri kubwa. Ina fyuzi yake ya stima ya betri, ina kontakta yake, ina ule uzi wa usalama, na kifaa huomba ruhusa kwa kompyuta ya gari kabla ya kupewa nguvu. Betri ikipungua sana, au taa ya hatari ikiwaka, kompyuta inakinyima. Hii ndiyo iliyokuwa bei ile ya juu iliyowaudhi vijana. Tuliwaambia, nasi tunarudia hapa, hamnunui konekta ya plastiki. Mnanunua ile sauti inayosema hapana kabla mtu hajaguswa. Iagizeni mapema, lori likiwa bado linaandaliwa, maana kuiongeza baadaye ni ghali zaidi na pengine haiwezekani.

Njia ya tatu ni betri ndogo, ya volti 12 au 24, na hii ndiyo vijana wengi huiona kuwa salama. Ni salama kwa mwili, ndiyo, kwa vitu vidogo, kama kuchaji simu, taa, mizani ya kupimia maziwa. Lakini ukitaka kilowati 2.4 kutoka volti 24 unahitaji ampea 100, na waya nyembamba kwa ampea 100 ni jiko. Na kuna jambo la kuchekesha kidogo. Zile kontakta za betri kubwa hufunguliwa na kufungwa kwa nguvu ya betri ndogo. Mkiimaliza ndogo kwa muziki wa harambee usiku kucha gari likiwa limezimwa, asubuhi mtakuwa na lori lenye betri kubwa iliyojaa kabisa, na haliwaki.

MAMBO YA KUANDIKA

Kwa wale wa kamati, kabla ya kutia sahihi, pateni kwa maandishi: vifaa gani vinaruhusiwa kuunganishwa, kupitia mlango upi, kwa kilowati ngapi, na nani anaruhusiwa kufungua vifuniko vya machungwa. Soma sehemu ya garantii kwa sauti kwenye mkutano. Mara nyingi imeandikwa kwamba waya zikichubuliwa garantii imekufa, na betri ndiyo kitu cha bei kubwa kuliko vyote katika lori hilo. Bima nayo iulizwe swali hilo hilo, na jibu liwe karatasi, si simu.

Dereva na turniboi wafundishwe mahali pa kukatia stima ya dharura. Wasipige maji ya mashine ya kuoshea kwenye konekta. Wachungulie chini kila wiki, hasa lori linapolala karibu na ghala la mahindi, kwa sababu panya hutafuna waya bila kuangalia rangi. Waya ya machungwa iliyochunika haifungwi kwa utepe. Lori linasimamishwa, fundi wa kampuni anaitwa, na maziwa ya siku hiyo yanatafutiwa pikapu nyingine.

Mtu akishikwa, msimguse. Hiyo ni ngumu kusema kwa mama au kwa ndugu yake, lakini anayemvuta kwa mikono mitupu huenda akawa wa pili. Kata kwa swichi ya dharura. Isipowezekana, msukume kwa kitu kikavu kisicho chuma, ubao au mti mkavu, ukisimama pakavu. Akiwa hapumui, anayejua kukandamiza kifua aanze mara moja, na mwingine apige 999 au 112. Hata akiinuka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana moyo unaweza kusumbua baadaye, na kuungua kwa ndani hakuonekani.

SWALI LA MAMA MMOJA

Mwishoni mama mmoja aliuliza kama lori likiwa limechajiwa linaweza kuwasha zahanati usiku stima ikipotea, mama mzazi asijifungue gizani. Ni swali lililotugusa, na jibu lake ni ndiyo, ila kwa sharti.

Tumeona watu wakichukua waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, na nyumba nzima ikawaka. Wakifanya hivyo kwa lori ni vile vile. Stima ile haibaki ndani ya nyumba. Inatoka kupitia mita, inapanda mpaka transfoma, na transfoma haijui kushoto wala kulia: ile volti 240 inageuka kuwa 11,000 kwenye laini. Huko juu kuna kijana wa Kenya Power amepanda nguzo kurekebisha ile ile stima iliyopotea, anajua laini imekatwa. Naye ana mama.

Zahanati ikitaka kutumia lori, iwekewe swichi ya kugeuza, ambayo upande mmoja ni Kenya Power, upande mwingine ni lori, na haiwezi kuwa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Iwekwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, awaonyeshe leseni yenyewe, na aambiwe tangu mwanzo kwamba upande wa pili ni gari wala si jenereta, kwa kuwa mambo ya waya wa ardhini hayafanani. Kabla swichi hiyo haijapatikana, chukueni waya mrefu mzuri, usiochunika, uchomekwe kwenye soketi ya lori, na ncha ya pili iingie moja kwa moja kwenye taa ya chumba cha kujifungulia na friji ya chanjo, bila kugusa soketi yoyote ya ukutani. Lori liegeshwe nje ya dirisha, si mlangoni, ili kitanda kipite.